Panzi wa Kutazamwa kwa Chini

Katika karakana ile kila mdudu aliitwa nzi. Panzi aliitwa nzi, sisimizi aliitwa nzi, hata dundu mwenye mgongo mweusi wa sponji alikuwa nzi, na aliyetaka kujua kwa nini aliambiwa akae kitini afunge. Kufunga ndiyo kazi yenyewe. Unabana ndoana kwenye jiliwa dogo lililokazwa ukingoni mwa meza, unaizungushia uzi, unaweka sponji, unaweka manyoya, unaweka miguu ya mpira, unadondoshea tone la gundi, na kile chuma kitupu kinageuka mdudu wa kumhadaa trauti, samaki wa mito ya baridi mwenye madoa ubavuni na maringo kuliko samaki wote waliowahi kupata maji.

Wafungaji walikuwa kumi na wanne, wote wanawake, katika chumba kimoja kirefu kinachonuka gundi. Madirisha yalikuwa manne, lakini matatu yalitazama ukuta wa jirani. La nne lilikuwa na mwanga wa kweli, na chini yake palikuwa na meza ya wadudu wa nchi kavu: panzi, sisimizi, dundu na nyenje, wale ambao mtoni hawaendi kwa hiari yao ila upepo ukiwatupa kutoka kwenye nyasi za ukingoni. Kwenye kiti cha kwanza cha meza hiyo, kwa miaka kumi na tisa, alikaa mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kazini. Wenzake walimwita Bi Bakuli.

Bakuli lenyewe lilikuwa la kioo, limemeguka kidogo mdomoni. Lilikuwa mali ya marehemu mwenye karakana, mtu aliyependa kuvua kuliko kuuza, na ndiyo maana alikufa na viatu vya mpira vizuri na akaunti mbaya. Sheria yake ilikuwa moja. Katika kila dazani, mdudu mmoja anatoswa kwenye bakuli lenye maji, bakuli linainuliwa juu ya kichwa, na mfungaji anamtazama kwa chini. Panzi akisimama juu ya maji kama bwana harusi, amekosewa. Akizama, amekosewa. Panzi aliyefungwa sawasawa hulaza tumbo ndani ya maji, miguu ikining'inia na kutikisika, kama mtu aliyeteleza kwenye matope mbele za watu. “Samaki hakai darini,” marehemu alikuwa akisema. “Mgongo wa panzi ni habari ya ndege.”

Kwa hiyo ungeingia karakana ile saa yoyote ungekuta mama mzima ameinua bakuli juu ya kichwa, shingo ameikunja, mdomo wazi, tone la maji linamdondokea puani. Si picha ya kupendeza. Lakini panzi wa Bi Bakuli walikuwa wakienda nchi ambazo yeye hakujua zilipo, na barua zilikuwa zikirudi kusema leteni tena.

Marehemu alipokufa, karakana ikawa ya mwanawe, aliyeishi mbali na kuiongoza kwa simu. Mtu wa simu huhitaji mtu wa kupokea simu. Hapo ndipo alipopanda Rula.

Rula alikuwa mkwe wa Bi Bakuli, mume wa binti yake wa pekee, na jina hilo alilipata kwa ile rula ya chuma aliyoichomeka mfuko wa shati mahali ambapo wengine huweka kalamu. Miaka sita kabla, alipokuwa hana kazi na binti ana mimba, Bi Bakuli mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi. Alimkalisha karibu naye akamfundisha mwezi mzima. Uzi ulimkatikia. Manyoya yalimpeperukia. Ndoana ilimchoma kila kidole, hata vile asivyovitumia. Mwisho marehemu akamhurumia, akampa kazi ya kuhesabu vilivyofungwa. Ukihesabu vya watu kwa muda mrefu, unaanza kuvikagua, na ukivikagua unaonekana unavijua. Kwa hiyo asiyeweza kufunga hata sisimizi akawa msimamizi wa wafungaji wote. Fadhila ya punda ni mateke, na huyu punda Bi Bakuli alimkatia majani kwa mikono yake.

Jambo la kwanza alilofanya Rula ni kulipiga marufuku bakuli.

“Ndugu zangu,” aliwaambia siku ile, amesimama katikati ya chumba, “tunauza bidhaa. Bidhaa hailoweshwi. Kuna ndoana imefika kwa mteja ina kutu. Kuanzia leo tunakagua hapa.” Akaweka karatasi nyeupe chini ya taa ya meza. “Mdudu anawekwa juu ya karatasi, anapimwa, anatazamwa. Kisayansi.”

“Baba,” Bi Bakuli alisema, maana mbele za watu alimwita hivyo, “juu ya karatasi hiyo samaki anapitia wapi?”

Wenzake wakacheka. Rula naye akacheka, kicheko cha mtu anayeandika jina lako moyoni. Akalichukua lile bakuli akalipeleka mezani kwake, na kesho yake walilikuta limejaa pini na peremende.

Jambo la pili lilikuwa panzi wake. Alichora mchoro kutoka kwenye picha ya kitabu cha shule, kisha akamfungisha mama wa sisimizi, jirani wa Bi Bakuli mezani, kwa amri na kwa siku tatu. Alikuwa panzi wa kutajwa. Miguu sita yenye mafundo magotini. Mabawa mawili ya plastiki ngumu yaliyochapishwa mishipa. Macho mekundu ya shanga. Mgongoni mistari mitatu ya rangi iliyopimwa kwa rula, na gundi ya kutosha kuyashikilia makorokoro yote hayo. Ukimweka juu ya karatasi nyeupe ungeweza kumvalisha tai.

“Kizuri chajiuza,” Rula alisema, akimzungusha kwa kidole.

“Kibaya chajitembeza,” mama wa sisimizi akamalizia chini chini, “na vyote viwili nimefunga mimi.”

Panzi wa Bi Bakuli alikuwa hana la kujitetea. Sponji ya rangi ya nyasi kavu, kishungi cha manyoya ya swala kilichokatwa ovyo, miguu minne ya mpira. Minne, maana miwili mingine marehemu alisema samaki hahesabu. Juu ya karatasi alionekana kama kitu kilichotolewa kwenye mfereji wa bafu.

Kisha ikaja habari ya mgeni. Mnunuzi mkubwa, mwenye maduka ya wavuvi huko kwao, alikuwa anakuja mwenyewe kuchagua panzi mmoja wa kuagiza kwa wingi. Mmoja tu. Rula alilitangaza hilo asubuhi, mbele ya wote, na akaongeza lake: panzi atakayechaguliwa ndiye atakayekaa meza ya dirishani. Asiyechaguliwa hatafungwa tena.

“Na mfungaji wake?” mama wa sisimizi aliuliza.

“Mama atapumzika kwenye kufungasha,” Rula alisema kwa upole wa daktari. “Macho yenyewe yamechoka. Ni kwa faida yake.”

Kufungasha kulikuwa kwenye kijichumba cha nyuma kisicho na dirisha hata la kutazama ukuta. Kazi yake ni kuchomeka wadudu wa wenzako kwenye kadi na kuwatia kwenye mifuko ya plastiki. Bi Bakuli aliendelea kufunga. Aliziba mdomo kwa sababu Rula alikuwa mkwe wake, na kwa sababu angeufungua mdomo huo kingetoka kilio. Kiti kile ndicho kitu pekee duniani ambacho alikuwa amekipata bila kuomba.

Siku mgeni alipopelekwa mtoni kumjaribu panzi mpya, Rula alimchukua Bi Bakuli, si kama mfungaji bali kama mbeba chai. “Mama atatushikia chupa na vikombe,” alimwambia mgeni. Bi Bakuli akakubali upesi kuliko heshima yake ilivyotaka, kwa sababu alikuwa na siri ya aibu: katika miaka yote kumi na tisa hakuwahi kumwona trauti akimla panzi wake. Hakuna aliyewahi kumpeleka. Alikuwa kama mpishi aliyepikia watu nyuma ya ukuta maisha yake yote. Mfukoni, ndani ya boksi la kiberiti, aliweka panzi wake kumi na wawili.

Mgeni alikuwa mzee mwenye kofia iliyochakaa, na Kiswahili alikizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, taratibu, akipima kila neno kabla ya kulikanyagia. Rula alimkabidhi panzi wake kwenye kisanduku kilichotandikwa kitambaa chekundu.

“Oh,” mgeni alisema. “Oh, oh. Mzuri sana huyu.”

“Tumepima kila kitu,” Rula alisema, na kwa kweli alikuwa amekuja na rula.

Mgeni aliingia mtoni mpaka magotini, akaurusha mshipi nyuma, akaurusha mbele. Panzi wa Rula alipaa kwa fahari, na yale mabawa magumu yakaanza kuzunguka hewani kama feni. Uzi mwembamba ukajisokota. Mgeni akausokotoa, akarusha tena, ukajisokota tena. Mara ya tano panzi aliangukia alipokusudiwa, chini ya nyasi zilizoinamia maji, ila aliangukia mgongo. Akaelea hapo chali na miguu yake sita juu, kama meza iliyopinduliwa. Mgeni akamvuta, akamrusha tena. Safari hii alikaa wima. Na kweli trauti mmoja akatoka kivulini. Akapanda, akaja mpaka chini ya panzi, akamfuata kwa urefu wa mkono mmoja, akimtazama. Kisha akageuka akarudi chini, kama mteja aliyeshasikia bei.

Hivyo hivyo kwa muda wa saa mbili. Walikuja sita, wakatazama sita, wakarudi sita.

“Jua ni kali,” Rula alisema. Baadaye akasema maji yana baridi. Baadaye akasema kuna ng'ombe walinyweshwa juu huko. Alipoishiwa akasema, kwa sauti ya chini, kwamba samaki wa mto huu bado hawajaendelea.

Mgeni alitoka majini kunywa chai. Bi Bakuli alimpa kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamnyooshea boksi la kiberiti. Hakupanga hotuba. “Jaribu na huyu, bwana,” alisema. “Ni wa zamani.”

“Mama,” Rula alisema, na lile neno lilitoka kama mlango unaofungwa.

Lakini mgeni alikwisha kulifungua. Alimtazama yule panzi, akamtazama mama, akacheka kidogo, akamfunga kwenye mshipi. Kurusha mara ya kwanza, panzi akaanguka chubwi, kizembe, karibu na nyasi. Tumbo likalala majini. Miguu minne ikatikisika.

Maji yakafunguka.

Bi Bakuli aliona kila kitu: mdomo mweupe, ubavu wenye madoa, mgongo ukizungukia chini na panzi wake ndani. Mshipi ukakazika, fimbo ya kuvulia ikapinda, mgeni akapiga ukelele wa furaha kwa lugha ya kwao. Mama yule akajikuta analia, mtu mzima, ameshika chupa ya chai. Haikuwa kwa ajili ya kiti. Kwa dakika ile kiti alikisahau. Alikuwa amesema uongo kwa samaki miaka kumi na tisa, na sasa aliona kwa macho yake kwamba samaki aliamini.

Kabla ya saa sita mgeni aliwatoa trauti tisa, akawarudisha majini wote, na panzi alikuwa amebaki sponji na uzi tu, na bado walimtaka. Rula alikaa juu ya jiwe akila peremende.

Njiani kurudi Bi Bakuli alikwisha shinda. Kichwani mwake alikuwa ameshafuta vumbi kiti cha dirishani, ameshamsamehe mkwe wake, tena kwa maneno matamu ya kumchoma vizuri. Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la watu wa karakana ile tangu enzi ya marehemu: alidhani mteja ni samaki.

Mgeni aliwaweka panzi wote wawili mezani, akampiga picha mmoja. Wa Rula.

“Huyu,” alisema. “Elfu nane.”

Hata Rula alichelewa kutabasamu.

“Lakini bwana,” mama wa sisimizi alisema, maana habari za mtoni zilikwisha kumfikia kabla chupa ya chai haijaoshwa, “si huyu aliyekosa samaki?”

“Ndiyo,” mgeni alisema, bila aibu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. “Mimi dukani nina kabati la kioo. Mtu anakuja, anatazama kwa juu, anapenda, ananunua. Samaki haji dukani.” Akamgeukia Bi Bakuli akamwinamia kwa heshima kabisa. “Mama, panzi wako ni wa samaki. Huyu ni wa watu. Mimi nauza kwa watu.” Kisha akachukua lile boksi la kiberiti lenye panzi kumi na mmoja waliobaki, akauliza kama anaweza kuondoka nalo. Akalitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Jumatatu Bi Bakuli alihamia kijichumba cha nyuma. Ilimuuma. Wengine husema mtu mzima huzoea, yeye hakuzoea. Kila asubuhi alipita mbele ya dirisha lile akaona mwanga wake umemwangukia mtu mwingine anayepaka mistari mitatu mgongoni mwa panzi, akaingia gizani kuchomeka panzi hao hao kwenye kadi. Binti yake alipokuja kumsalimia alimwambia, “Mama, angalau huinami tena,” na Bi Bakuli akamwuliza kama wali wa kwake ulikuwa umeiva, maana swali lingine lingevunja nyumba ya watu.

Mwezi wa tatu tangu ahamishwe ikafika barua. Rula aliisoma kwanza akiwa amesimama, halafu akaisoma akiwa amekaa. Mgeni alikuwa anarudi Alhamisi ya wiki inayofuata, na safari hii na wenzake watatu, wenye maduka makubwa kuliko lake. Wangependa kuvua siku mbili. Mwenye karakana alikwisha piga simu: Rula awaongoze mwenyewe, na wakiondoka wameridhika, cheo cha umeneja ni chake. Mwisho wa barua, kwa mkono, mgeni alikuwa ameongeza: “Tafadhali tuandalie dazani tatu za panzi wa yule mama. Wale tulioagiza msilete. Hao ni wa dukani.”

Rula aliwaita wafungaji. “Nani anajua kufunga panzi wa zamani?”

Wote kumi na watatu wakapatwa na usahaulifu kwa mpigo.

“Sisi tunajua wa rula tu,” mama wa sisimizi alisema. “Yule wa zamani si ulisema asifungwe tena? Tukatii.”

Saa ya chakula cha mchana, watu walipotoka, Rula alijifungia akajaribu mwenyewe. Uzi ulimkatikia. Manyoya yakaingia kwenye chai. Alichopata mwisho kilikuwa na umbo la mto wa kulalia, na kidole gumba alirudi nacho kimefungwa karatasi. Jumamosi akamtuma mkewe.

Bi Bakuli alikuwa kibarazani anachambua mchele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kama binti yangu au umekuja kama barua?”

“Mama jamani.”

“Nauliza tu. Binti yangu huja na maneno yake. Barua huja na maneno ya mtu.”

Binti akakaa, akaanza kuchambua naye. “Anasema ni panzi dazani tatu tu. Anasema ni dharura.”

“Ana rula. Apime dharura yenyewe ina urefu gani.”

“Mama, usiku halali.”

“Mimi nalala. Kule kufungasha kuna giza zuri.” Kisha akaona uso wa mwanawe umechoka, na sauti ikamshuka. “Mwambie aje mwenyewe. Sitamla. Ila kuomba hakutumwi mtu.”

Alikuja Jumapili, ameshika mfuko wa sukari, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Alipiga hodi mara tatu ingawa mlango ulikuwa wazi, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri sindano. Waliulizana hali. Waliulizana hali ya wote waliokuwa hai na wachache waliokufa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na huyu uchungu ulikwisha kumshika.

“Mama,” alisema mwishowe, “nimekuja na ombi.”

“Nakusikia, baba.”

“Wale panzi.”

“Panzi gani? Wa mgongo au wa tumbo?”

“Wa kwako, mama.”

“Nitafunga,” alisema Bi Bakuli. “Dazani tatu si kazi. Lakini mimi sifungi gizani, kwa hiyo kesho nitakuwa dirishani, na kesho kutwa pia, na siku zote baada ya hapo. Na sifungi bila bakuli. Pini zako utazitafutia mahali.”

“Hilo halina shida.” Aliinuka nusu, amefurahi mno, upesi mno.

“Kaa kwanza. Kuna la mwisho. Bakuli utaliinua wewe. Kesho asubuhi, mbele ya wote.”

“Mama! Mbele ya wafanyakazi?”

“Kwani uliponihamisha tulikuwa faragha?”

Rula aliutazama mfuko wa sukari, lakini alikwisha kuutoa.

Jumatatu asubuhi hakuna mfungaji aliyechelewa. Bakuli lilisuguliwa mpaka harufu ya peremende ikatoka, likajazwa maji, likawekwa meza ya dirishani. Rula alisimama mbele yake na rula yake mfukoni. Bi Bakuli alichukua panzi mmoja kutoka kwenye agizo la elfu nane, mzuri, mwenye macho mekundu, akamtosa.

“Inua, baba.”

Akainua. Kwa kuwa hakuwahi kufanya hivyo, aliinua kwa pupa, na maji yakamwingia mkono wa shati yakateremka mpaka kwapani. Mtu mmoja alikohoa kwa njia ambayo si kikohozi.

“Tazama kwa chini. Unaona nini?”

Rula alikunja shingo. Alitazama kwa muda. Elfu nane walikuwa wamepita mikononi mwake, amewapima wote kwa juu, na nyani haoni kundule.

“Macho yanaonekana?” Bi Bakuli alimsaidia.

“Hayaonekani.”

“Mistari je? Ile uliyopima?”

“Haionekani, mama.”

“Sasa unaona nini?”

“Gundi,” alisema. “Naona bonge la gundi.”

Hapo walicheka, wote kumi na watatu, wakacheka mpaka mama wa sisimizi akashikilia meza. Bi Bakuli hakucheka. Alingoja watulie, akamtoa yule, akatosa wake mmoja wa zamani, aliyekuwa amejiwekea kwenye kikopo cha vifungo nyumbani. Panzi alilaza tumbo. Mikono ya Rula ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzito wa maji, na kwa mtetemeko huo miguu minne ya mpira ikaanza kupiga piga.

Rula alibaki amekunja shingo, mdomo wazi, tone likamdondokea puani, hakulifuta.

“Huyu anahangaika,” alisema polepole. “Anataka kutoka.”

“Ndiyo.”

“Mama, mbona hukuniambia?”

“Nilikukalisha karibu nami mwezi mzima,” Bi Bakuli alisema. “Kila siku nilikwambia utazame, ukasema utalowa.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Rula alianza kulishusha bakuli.

“Usishushe,” alimwambia. “Wenzako kumi na watatu bado hawajatazama. Na wakimaliza, kuna agizo la elfu nane halijakaguliwa. Katika kila dazani, mmoja. Ndiyo sheria ya humu.”

Wakapanga foleni. Mama wa sisimizi akawa wa kwanza, akapita chini ya kwapa lililolowa la msimamizi, akainua uso. Bi Bakuli akaenda kwenye kiti chake, akafuta miwani, akavuta jiliwa karibu na mwanga, akabana ndoana ya kwanza.